Kijiti cha Juu

Jua lilikuwa linalegea Hoja alipofika kwenye kanisa kongwe. Mkobani mlikuwa na mzani mdogo, koleo na tochi. Moyoni mlikuwa na hasira aliyoamka nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuchomoa vijiti ukutani, kuvipima uzito, kubandua bandiko, kwenda zake. Kazi ya kumaliza kabla taa za barabarani hazijawaka. Kubwa ilikuwa hiyo hasira.

Hoja halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa chuoni, kwenye midahalo, ambako akisimama kuzungumza watu walijua leo kuna mtu atarudi bwenini na koo kavu. Sasa alikuwa ameajiriwa na ofisi ya kutunza majengo ya kale, na kazi yake ilikuwa kubishana na kuta. Ukuta, aliwahi kuwaambia wenzake, ni mpinzani mzuri kuliko mwanasiasa. Ukiuuliza vizuri, haudanganyi.

Ukuta wa leo alikuwa anaudai majibu kwa sababu ya shangazi yake.

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa amefagia kanisa hilo tangu Hoja anatambaa. Ndiye aliyemlea. Aliishi kwenye chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa nyuma, na upande wa pili wa ukuta huohuo, ndani ya kanisa, kulikuwa na doa.

Doa la unyevu. Lilianza ukubwa wa kiganja, karibu na sakafu, muda mfupi baada ya ukuta kupakwa saruji kwa nje. Likapanda. Likaota mabega. Likapata kichwa kilichoinama. Kufikia sasa kila aliyeingia kusali aliliona vilevile bila kuambiwa: mwanamke aliyepiga magoti, uso kauelekeza ukutani.

Basi midomo ikaanza. Nani analala nyuma ya ukuta huo? Mjane. Ana mtoto? Hana. Macho yake yakoje? Mekundu. Moshi wa jiko la kuni ukageuzwa ushahidi. Uzee ukageuzwa kosa. Hoja alikuwa amezisikia hoja hizo zote na kila moja ilimchefua, maana angeweza kuipasua kwa sentensi moja, na bado watu wasingemsikiliza. Mwanamume mzee akikaa peke yake huitwa mwenye busara. Mwanamke mzee akikaa peke yake, jirani wanahesabu kuku wao.

Wiki iliyopita jiwe lilipita dirishani kwa Shangazi. Kesho, baada ya ibada, baraza la wazee lingekaa, na Mwenyekiti wa baraza alikwisha kusema mbele ya watu kwamba doa lisipopata maelezo, aliye nyuma ya doa aondoke. Mtaani walijua maana ya kuondoka. Mwanamke akiondolewa kwa jina la uchawi, hafiki mbali.

Kwa hiyo Hoja alihitaji maelezo. Leo.

Mlangoni alimkuta Mzee Funguo, mlinzi wa kanisa, ameketi kwenye ngazi na shada la funguo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, binti."

Hoja alimjibu kwamba jua bado lipo. Mzee alilitazama jua kama mtu anayetazama mgeni asiyeaminika. Halafu, huku akiutafuta ufunguo mkubwa, akaanza kusimulia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Alisema kanisa hili lilipojengwa palikuwa na mwanamke mchota maji. Yeye ndiye aliyebeba maji ya kulowekea chokaa, kutwa, miezi, kichwani. Majina ya waliojenga yamechongwa kwenye jiwe la msingi, fundi kwa fundi. La mchota maji halipo. Siku ukuta wa nyuma ulipokamilika, hakuonekana tena. Wengine walisema alirudi kwao. Wengine walisema aliomba maji ya kunywa siku ya jua kali, akaambiwa asubiri ukuta umalizike kwanza.

"Na wewe unasemaje?" Hoja aliuliza.

"Mimi nafunga milango tu." Akasukuma mlango. "Giza likiingia uwe umetoka. Mimi sirudi kukutafuta."

Hoja aliingia akijiambia kwamba mzee huyo anajua zaidi ya anachosema. Au anataka yeye afikiri hivyo. Siku hizi hakumwamini mtu yeyote mwenye funguo za jengo hili.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa kuta nene. Mabenchi yalikaa kimya kwenye mistari yao. Harufu ya mishumaa iliyozimwa, ya mbao za zamani, ya chokaa mbichi. Na chini ya hizo zote, nyepesi sana... harufu nyingine. Kama nywele zilizolowa.

Alipuuza. Akatembea hadi ukuta wa nyuma.

Doa lilikuwa pale. Lilionekana limekua kidogo, lakini mwanga wa jioni hukuza kila kitu.

Kwenye ukuta huo alikuwa ametoboa matundu, moja juu ya jingine, kutoka karibu na sakafu hadi usawa wa mdomo wa mtu aliyepiga magoti. Katika kila tundu alichomeka kijiti cha mbao laini kilichokaushwa na kupimwa. Ndivyo ukuta unavyoulizwa. Kipima unyevu cha umeme hudanganywa na chumvi iliyo ndani ya plasta. Kinalia maji hata pakiwa pakavu. Kijiti hakina ujanja huo. Kinakunywa kile ambacho ukuta unacho, basi. Ukikichomoa na kukipima, uzito ulioongezeka ndio maji.

Chini ya vijiti alikuwa amepaka bandiko: udongo mweupe uliofinyangwa na karatasi iliyolowekwa, unene wa kidole. Ukuta wenye chumvi nao huwekewa bandiko, kama jipu, livute uchafu utoke.

Alichokitarajia alikijua kwa moyo. Maji hupanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa kwenye utambi. Nje wamepaka saruji, na saruji haipumui, kwa hiyo maji yanayotaka kutoka yanakosa njia, yanapanda juu zaidi na kutokea ndani. Kijiti cha chini kitakuwa kizito kabisa, kinachofuata kipungue, cha juu kiwe karibu kikavu. Mchezo umekwisha. Kesho angewaeleza wazee, na yule shemeji yake Mwenyekiti, fundi aliyepaka saruji hiyo, angeinamisha kichwa.

Akachomoa kijiti cha chini. Akakiweka kwenye mzani.

Kikavu.

Akapima tena. Akakigusa kwa mdomo, kama alivyofundishwa na fundi aliyemfunza kazi. Kikavu kama kiberiti. Akaligonga bandiko kwa ukucha, likavunjika mkononi kama biskuti.

Kijiti kilichofuata kilikuwa na unyevu kidogo. Cha juu yake, zaidi. Kadiri alivyopanda ndivyo vilivyozidi kuwa vizito, hadi akafika kile cha juu kabisa, ambacho kilikuwa kimevimba hadi koleo likateleza. Akavuta. Kikagoma. Akavuta tena, na hapo akahisi jambo ambalo baadaye alilipa majina mengi ya kisayansi na hakuna lililokaa.

Alihisi kikivutwa upande wa pili.

Kidogo tu. Kama mtoto asiyetaka kuachia titi.

Kikatoka. Maji yakamchuruzika hadi kiwikoni. Akakimulika kwa tochi. Ncha yake, ile iliyokuwa ndani kabisa, ilikuwa imetafunwa. Alama ndogondogo zilizokaa kwa mpindo.

Panya, alijiambia. Kuta za zamani zina nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi na mapengo. Alikumbuka siku alipotoboa tundu hili: keekee ilikuwa ikikereza kwa shida, halafu ghafla ikazama, kana kwamba jiwe limeisha. Upepo baridi ulimpuliza mkononi. Alikuwa ameona ni pengo la kawaida. Akachomeka kijiti, akaendelea na maisha yake.

Sasa alisimama mbele ya ukuta na kufikiri kama mdahalo. Maji yanayopanda hayawezi kuwa mengi juu na kukosekana chini. Paa halivuji hapa. Bomba halipiti hapa. Basi hayapandi wala hayashuki. Yanaletwa.

Kuna mtu anaumwagilia ukuta huu.

Na alipolifikia hilo, hofu yake yote ikageuka ghadhabu tamu. Alimjua. Nani mwenye ufunguo wa pili? Mwenyekiti. Nani ambaye shemeji yake angeumbuka ikijulikana kwamba saruji ndiyo iliyoharibu ukuta? Mwenyekiti. Nani alikuwa wa kwanza kulitaja jina la Shangazi? Ukitaka kumla kuku wa jirani, mpe kwanza jina la mwewe. Lazima alikuwa akija kila jioni kulilisha doa lake, na usiku huu wa kuamkia baraza asingekosa.

Hoja alizima tochi. Akausukuma mlango mkubwa kwa nguvu ili Mzee Funguo asikie umefungwa na adhani ametoka, kisha akarudi kunyata na kujibanza kati ya mabenchi.

Akangoja.

Madirisha yaligeuka kutoka rangi ya chungwa hadi majivu. Funguo zililia nje, zikaenda mbali. Kimya... Halafu ukuta ukaanza kutoa sauti.

Tundu la juu, lililobaki wazi, lilikuwa linavuta hewa. Polepole. Likatulia. Likavuta tena.

Upepo, Hoja alijiambia. Pengo. Joto linashuka, hewa inaingia. Alikuwa na maelezo. Hakukosa maelezo hata siku moja maishani mwake. Lakini ile harufu ya nywele mbichi ilikuwa imemkaribia kana kwamba mwenye nywele ameketi benchi la nyuma yake.

Watu husema kuta zina masikio. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zina kinywa.

Mlango mdogo wa pembeni ukafunguka.

Aliyeingia hakuwa na tochi. Aliijua njia. Alikuja miguu mitupu, mtandio kichwani, kikombe cha bati mkononi, akitazama kushoto na kulia. Hakuwa Mwenyekiti.

Alikuwa Shangazi.

Hoja alimwona akipiga magoti mbele ya doa, na doa likamezwa na mgongo wake, kwa sababu lilikuwa na umbo lake haswa, bega kwa bega. Alimwona akipiga funda la maji, asilimeze. Akauegemeza mdomo wake kwenye tundu.

Na ukuta ukanywa.

Glu... glu... glu.

Hoja hakujua kama alisimama au aliinuliwa. Alijikuta tu amefika pale.

"Shangazi."

Kikombe hakikuanguka. Bibi huyo aligeuka taratibu, maji yakimtiririka kidevuni, bila mshtuko wa mtu aliyefumaniwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatizwa akimlisha mgonjwa.

"Punguza sauti, mama. Amelala vibaya leo."

Hoja alimuuliza kwa kunong'ona kama anajua kinachomngoja kesho. Alimwambia amemtetea sokoni, ofisini, kila mahali. Amewaita watu wajinga mbele ya watoto wao. Na kumbe ni yeye. Maneno yalimtoka bila mpangilio, yeye ambaye hakuwahi kukosa mpangilio. Shangazi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini chai haina sukari.

Zamani, alisema, hakukuwa na shida. Ukuta ulikuwa na chokaa nje na ndani. Mvua ikinyesha unalowa, jua likiwaka unakauka, na yeye aliye ndani anapata chake. Walipopaka saruji wakamfungia. Akaanza kugonga, usiku, upande wa kitanda cha Shangazi. Kugonga kwa kidole kimoja. Shangazi alivumilia siku kadhaa, kisha akachota maji na kuyamwaga chini ya ukuta, na kugonga kukakoma. Doa likaanza. Angefanyaje? Unamsikia mtu ana kiu, unajifunika shuka?

"Mtu gani, Shangazi?"

"Sikumuuliza jina. Mwenye kiu haulizwi jina."

"Na tundu langu limeingiaje hapa?"

Shangazi alilitazama tundu la juu.

"Kabla hujatoboa alikuwa anagonga tu, mwanangu; sasa hunywa, hata pembeni mwa kijiti chako. Wewe ndiye uliyempa mdomo."

Hoja alifungua kinywa kujibu. Nje, ufunguo ukazunguka.

Mlango mkubwa uligonga ukuta na mwanga wa tochi ukawapiga usoni wote wawili: Shangazi magotini, kidevu kimelowa, kikombe mkononi. Nyuma ya tochi alikuwa Mwenyekiti, na nyuma ya Mwenyekiti, Mzee Funguo, aliyekuwa akitazama sakafu. Basi kumbe naye Mwenyekiti alikuwa amekuja kuvizia. Walikuwa wamewinda pori moja.

"Mzee, umeona?" Mwenyekiti alisema, polepole, kama anayeonja. "Umeona kwa macho yako?"

Hoja aliona kesho yote kwa mkupuo. Aliona mawe. Akaona kidevu cha shangazi yake kikitetemeka, na hapo akili yake ikarudi mahali pake, baridi na kali, kama siku zile jukwaani.

"Ameona nini, Mwenyekiti?" aliuliza. "Ameona mtu akifanya kazi niliyomtuma?"

Akaokota kipande cha bandiko sakafuni, akakiinua kwenye mwanga. Akaeleza, bila haraka, kwamba hii ni dawa ya kuvuta chumvi ukutani. Kwamba ikikauka mapema hupasuka, kama wanavyoona wenyewe. Kwamba lazima ilowanishwe asubuhi na jioni. Na kwamba yeye ana ofisi, hawezi kushinda hapa, kwa hiyo amemwomba shangazi yake amsaidie kwa kikombe. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Alishangaa jinsi nusu nyingine ilivyotoka laini.

"Saa hizi? Gizani? Kwa mdomo?"

"Ananyunyiza kwa mdomo, kama mpiga pasi. Ukitumia ndoo, bandiko linamomonyoka. Kama shemeji yako angejua kupaka ukuta kwa upole hivyo, tusingekuwa hapa."

Mzee Funguo alikohoa kicheko, akakimeza. Mwenyekiti hakucheka. Hakuwa mjinga, hilo ndilo lililokuwa baya. Alisogea hadi ukutani, akapitisha tochi kwenye bandiko kavu, kwenye vijiti vilivyolazwa sakafuni, hadi kwenye tundu la juu lililokuwa likichuruzika.

"Dawa iko chini," alisema. "Maji yanafanya nini humu juu?"

Hoja alikifinya kile kipande cha bandiko hadi kikawa unga.

Mwenyekiti aliinua kidole cha shahada, kilekile alichokuwa akimnyooshea Shangazi, akakichomeka tunduni.

"Usifanye hivyo, baba," Shangazi alisema kwa upole.

Kilikuwa kimekwisha kuingia.

Akatulia. Tochi yake ikaanza kucheza ukutani. Halafu wote wakasikia, hata Mzee Funguo aliyekuwa mlangoni: sauti ya mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alivuta mkono kwa mkono wa pili, akavuta tena, na kidole kilipochomoka alikiangalia kwa muda mrefu. Kilikuwa cheupe. Kimenywea na kukunjamana, kama kidole cha mtu aliyefua kutwa nzima, hadi ukucha ulionekana mkubwa kuliko nyama yake.

Alipoongea sauti ilikuwa ndogo mno.

"Kuna maji hapa?"

Shangazi alimpa kikombe. Alikunywa yote. Akageuza kikombe, akalamba ukingo. Kisha akaondoka bila kumtazama mtu, na Mzee Funguo akamfuata mbiombio, bila kukumbuka kufunga.

Kesho yake barazani Hoja alizungumza vizuri kuliko siku yoyote chuoni. Aliwaeleza wazee habari ya chokaa inayopumua na saruji inayoziba. Aliwaonyesha vijiti vyake vyote, isipokuwa kimoja. Aliwaambia kwamba jengo hili limemlea kila aliyeketi pale, na mwanamke anayelifagia amewafutia vumbi la mababu zao, na kwamba aibu haikuwa ukutani bali midomoni mwao. Mtu mmoja aliinama. Mwingine akapangusa macho. Wote walimgeukia Mwenyekiti wakingoja ajibu, lakini Mwenyekiti alikuwa na chupa ya maji mkononi na nyingine kati ya miguu, akinywa, akijaza, akinywa. Walipomuuliza maoni yake aliitikia kwa kichwa. Saruji ibanduliwe. Bibi abaki.

Ikabanduliwa. Hoja aliisimamia kazi mwenyewe. Ukuta ukapakwa chokaa, mfereji wa nje ukazibuliwa, na siku zilivyopita doa likafifia kuanzia kichwani, likashuka mabegani, likawa kiganja, likawa si kitu. Mtaani wakamsalimia Shangazi tena. Mama mmoja, ambaye mwanawe ndiye aliyerusha jiwe, alimpelekea ndizi. Maelezo yalikuwa yametosha kila mtu.

Tundu la juu alilishindilia chokaa kwa kidole gumba chake, mchana kweupe, na hakuna kilichomzuia. Hilo ndilo lililomtia shaka. Lilizibika kirahisi mno, kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kijiti cha juu alikuwa nacho ofisini. Alipaswa kukikausha kwenye tanuri dogo, akipime, afunge kazi. Alikikausha. Asubuhi kilikuwa kizito kuliko kabla ya kukaushwa. Akakikausha tena, akakitia kwenye kopo la bati, akalifunga kwa utepe na kulificha kwenye droo ya meza yake. Wenzake wakaanza kulalamika kwamba kuna mtu anawanywea chai zao zikiwa nusu. Glasi yake ya maji, akiiacha imejaa, anaikuta na tone chini. Walimshuku mhudumu wa usafi, mama mmoja mkimya, na Hoja aliwakemea kwa ukali. Aliwaambia wasimwonee mtu asiye na ushahidi dhidi yake.

Alipomwendea Shangazi, alimkuta amekaa na mgongo kwenye ukuta, amepumzika, usingizi umemrudi.

"Hagongi tena?" aliuliza.

"Hayupo, mama." Shangazi alimtazama kwa yale macho mekundu ambayo Hoja alikuwa ameyatetea mji mzima, na ambayo jioni hiyo, Mungu amsamehe, hakuweza kuyatazama. "Ulimziba?"

"Nimeziba."

"Basi huko ulikompeleka, mpe maji. Usimngojeshe. Aliwahi kungojeshwa."

Jioni iliyofuata wenzake walitoka mapema. Ofisi iko ghorofa ya juu kabisa. Hakuna ardhi huko, hakuna kinachoweza kupanda. Hoja alikuwa amefunga mkoba wake aliposikia droo. Kidole kimoja, kwenye bati.

To... to... to.

Aliinama kuivuta droo, na nyuma ya meza, karibu na sakafu, akaona rangi ya ukuta imevimba na kulowa. Ukubwa wa kiganja.

Alisimama pale muda mrefu akitafuta maelezo. Yalikuja, mengi, yakapanga mstari, na hakuna hata moja lililozima ile sauti. Mwishowe alibandua utepe, akafungua kopo. Alama za meno zilikuwa zimeizunguka ncha yote sasa. Akamimina maji kwenye glasi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapiga magoti, akapiga funda, na kuinama.

Aliposikia maji yakinyweka, alihisi kwanza utulivu. Halafu akahisi kwamba chumbani kuna mtu.

Mhudumu wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake. Aliitazama glasi, akalitazama kopo, akakitazama kidevu cha Hoja kilicholowa. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, macho yake yakiwa juu yake, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi kwa haraka, kuelekea waliko watu.